Nguo ya Safari ya Bi Lubaba

Imepokewa kwa wasimulizi wa zamani, nami nimeipokea kwa mwalimu wangu ambaye hakuwa na subira ya kurudia neno, kwamba katika bonde la Hadhramaut aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Bi Lubaba binti Masudi, Mwenyezi Mungu amrehemu na alitie nuru kaburi lake. Mji wake hawakuutaja. Walisema tu kwamba ulikuwa mji wa nyumba za udongo, wenye mitende upande mmoja na mashamba ya pamba upande wa pili, na kwamba msimu wa baridi ukifika upepo wake haukumhurumia mkubwa wala mdogo.

Bibi huyu alikuwa hatupi kitu. Nisikilizeni vizuri, sikusema alikuwa bahili. Bahili huficha, na huyu alitoa mpaka watu wakamwonea haya. Nasema hakutupa. Mafuta ya ufuta yakichacha, aliyachemsha pamoja na maji ya jivu aliyoyachuja mara tatu, akapata sabuni nyeusi, yenye harufu ya kukufanya ugeuze uso, lakini nguo ikitakata ikatakasika. Kokwa za tende alizitwanga akampa mbuzi. Chungu kikivunjika, kigae chake kikawa cha kuku kunywea maji. Na nguo ndiyo usiseme! Kanzu ikichakaa mabegani aliikata ikawa foronya. Foronya ikichoka ikawa kitambaa cha kupangusia. Kitambaa kikilegea akakisokota kikawa utambi wa taa, na masizi ya taa ile aliyakomba, akayachanganya na gundi ya mti, akapata wino wa kuwapa watoto wa chuo cha Kurani. Basi nguo moja kwake ilianza mwilini mwa mtu ikaishia kwenye ubao wa mtoto ikiwa Bismillahi.

Na sisi je? Kifungo kikikatika twatupa shati. Astaghfirullah, na mimi namo.

Wanawake wa mtaa walikuwa wakija uani kwake kujifunza kupika sabuni na kusokota tambi za taa, naye akiwafundisha huku akiwatania: "Wewe Fulani, jivu lako bichi hilo, utapata uji, hutapata sabuni." Na alikuwa na neno lake moja ambalo kila aliyepita pale alitoka nalo. Akisema, "Kitu kisilale na mwenye haja nacho yuko macho." Likumbukeni neno hilo, maana ndilo lililokuja kumuumiza.

Tangu afiwe na mumewe, Bi Lubaba hakuvaa nguo mpya. Akipewa mpya siku ya Idi, jioni yake utaiona imevaliwa na mwingine. Yeye alivaa viraka, safi, vilivyonyooshwa, mshono juu ya mshono.

Alikuwa na mtoto mmoja, Hudhaifa, aliyesafirisha tende kwa ngamia kati ya mji na mji. Hudhaifa akamwoa binti yatima kutoka bonde jingine, jina lake Unaisa. Wasimulizi wanasema mavyaa na mkaza mwana hawa wawili walipendana mpaka majirani wakashangaa, kwani mnajua wenyewe mambo ya mavyaa na mkaza mwana. Mama alikuwa amenuia na mwanawe kwenda Hija pamoja mwaka utakaofuata. Wakawa wanaitaja Hija ile kila wakila tende: tutapita njia hii, tutalala pale, mama utapanda ngamia mweupe.

Kisha Hudhaifa akashikwa na homa njiani, akafa kabla ya kufika kisima cha pili. Wenzake wakamzika pale pale alipoangukia. Ikaja habari, na kanzu zake mbili zikaja na habari. Unaisa wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yule hakupiga ukelele. Alikaa chini, akaziweka zile kanzu mapajani, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Lakini tangu siku ile miguu yake ikaanza kumsaliti, na macho, yaliyokuwa na ukungu tangu zamani, yakafunga kabisa. Baada ya miezi miwili akawa mtu wa kitandani.

Siku moja wakawa wanapekua sanduku, wawili hao, kutafuta chochote cha kumshonea mtoto anayekuja. Unaisa anatoa, mama anapapasa na kuamua. Hii itakuwa kofia. Hii imekwisha, iende kwenye tambi. Mkono wa Unaisa ukafika chini kabisa, ukagusa bunda la pamba nyeupe, mpya, iliyokunjwa mara nyingi, ikinukia udi.

"Mama, na hii?"

Bi Lubaba akaipapasa, akaurudisha mkono upesi. "Hiyo iache, mwanangu. Hiyo ni ya safari."

Sasa niwaelezeni. Nguo ile ilikuwa sanda. Watu wa mji ule walikuwa na adabu yao: mbele ya mja mzito havitajwi vyombo vya maiti. Hutaji sanda, hutaji jeneza, hutaji mwanandani wa kaburi. Unasema "ya safari," na kila mwenyeji anaelewa, anabadilisha mazungumzo. Lakini Unaisa hakuwa mwenyeji. Kwao, bonde la pili, safari ilikuwa safari. Na katika nyumba ile safari iliyokuwa ikitajwa siku zote ni moja tu, ile Hija ya mama na mwana. Masikini akafahamu kwamba hii ni nguo ya ihramu, nguo ya Hija ambayo haitakuwako tena, kwa sababu mmoja wa mahujaji amelala mchangani na mwingine hawezi kusimama. Akaifunika haraka. Akajiambia moyoni, sitaitaja tena mbele yake, nisimtoneshe kidonda. Wala hakumwuliza mtu.

Mtoto akazaliwa mwanamume, katikati ya baridi, mdogo kama gunzi la mahindi. Akaitwa Hudhaifa, jina la baba yake. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka kwa majonzi, ikabidi alelewe kwa maziwa ya mbuzi, kijiko baada ya kijiko. Na mnaojua kulea mnajua: mtoto wa baridi anahitaji vitambaa vikavu, na vitambaa havikauki kwa sababu ni baridi. Nguo zote za nyumba ile zilikuwa zimekwisha kuwa foronya, tambi na wino. Zilizobaki zilikuwa ngumu kwa viraka, zikamchubua mtoto mapajani mpaka akatoka damu.

Siku ya kumi na mbili, mchana, mtoto analia kilio cha kukatika pumzi, Unaisa akafungua sanduku. Akasimama na bunda lile mkononi. Akamtazama mama amelala, akasema, nimwulize? Nikimwuliza atamkumbuka mwanawe na Hija yake, atalia, naye hana nguvu za kulia. Kisha akalikumbuka neno la mama mwenyewe, kitu kisilale na mwenye haja nacho yuko macho. Akasema Bismillahi. Akachukua mkasi, akaikata yote.

Mtoto akatulia. Akalala mpaka alasiri. Unaisa alifurahi siku ile kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamshukuru Mola wake, na akanuia kumpasha mama habari siku nyingine, mama akipata nafuu. Mama akipewa mjukuu ambebe, alipewa amefunikwa shuka nzito juu kwa ajili ya baridi, kwa hiyo vidole vyake havikugusa kilichokuwa ndani.

Zikatimia arobaini. Mtoto akaogeshwa, uvumba ukachomwa, majirani wakaja wakala wakaondoka. Walipobaki wawili, Bi Lubaba akamwita mkaza mwana wake akae karibu na mto.

"Mwanangu, arobaini zimetoka. Sasa naweza kulitaja nililokuwa silitaji, nisije nikakutia hofu na mimba yako. Mimi siku zangu si nyingi. Ile nguo ya sandukuni, ya safari, ndiyo sanda yangu."

Unaisa akaushika ukingo wa kitanda.

"Nikusimulie habari yake, uijue thamani yake. Pamba yake niliiokota mwenyewe mashambani, ile inayobaki baada ya wavunaji kupita. Nimeiokota miaka kumi na miwili. Nimeisokota kwa mkono, na kila nikizungusha pia ya kusokotea namswalia Mtume. Mahujaji wakanichukulia, ikaoshwa kwa maji ya Zamzam, ikarudi. Unaisa, mimi tangu ujana wangu nimevaa viraka, wala sijuti, wallahi sijuti. Lakini nilimwomba Mola wangu jambo moja. Nilisema, yaa Rabbi, nguo mpya moja tu, siku ya kuja kwako." Akacheka kidogo, kama mtoto aliyefumaniwa na tamu mdomoni. "Kesho uniletee niishike. Nina hamu nayo. Nikishaishika, nitakupa radhi zangu zote, mbele ya shahidi, maana umenitunza kuliko mtoto wa tumbo langu."

Unaisa akatoka uani. Na pale uani, kwenye kamba, ndiyo hiyo sanda. Vipande kumi na saba, vimeanikwa, vinapepea, vingine vina madoa ya manjano ambayo sabuni haikuyatoa. Alikaa chini pale pale, akajiziba mdomo kwa ncha ya ushungi ili kilio kisiingie ndani.

Tafakarini, ndugu zangu. Kosa hili si la mwizi wala la mvivu. Ni kosa la mtu aliyefanya alivyofunzwa, na akanyamaza kwa huruma. Mizigo ya namna hii ndiyo mizito kuliko yote, kwa sababu huna hata wa kumlaumu.

Jirani yao alikuwa mwanamke akiitwa Bi Thuwaiba, mwosha wa maiti wa kike katika mtaa ule, mwenye moyo laini na ulimi mkali. Unaisa akamwendea, akamweleza yote. Bi Thuwaiba akajipiga kifua.

"Ole wangu! Umekata nguo ya Zamzam ukamfunga mtoto winda?"

"Sikujua, Bi Thuwaiba. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua, nyamaza kulia. Sasa sikiliza. Mimi nimeosha maiti miaka thelathini, na sijamwona hata mmoja aliyekagua sanda yake. Yule haoni. Mwuze mbuzi leo, nunua pamba nyeupe sokoni, uifukize udi, uikunje kama ilivyokuwa, umwekee mkononi. Atafurahi, atakupa radhi, atakufa ametulia. Mpe mgonjwa raha yake, mwanangu. Ukweli wako huu utamfaa nini?"

Maneno hayo, enyi waumini, yana huruma ndani yake. Si maneno ya shetani mwenye pembe. Ndiyo maana yalikuwa mtihani.

Unaisa akarudi, akamfungua mbuzi, akamvuta kwa kamba mpaka mlangoni. Akiwa amekanyaga kizingiti akajisikia akijisemea: kesho atanipa radhi. Atanipa mimi, kwa sababu anadhani nimemtunzia sanda. Basi radhi hizo anampa nani? Anampa Unaisa ambaye hayuko. Na mimi niliye hapa, niliyekata, nitabaki bila radhi na bila mama, na njia ya kumwomba itakuwa imezibwa kwa udongo. Akasimama pale mlangoni muda mrefu, mbuzi anatafuna ncha ya kamba yake. Kisha akamrudisha akamfunga.

Asubuhi ya pili, baada ya jua kupanda, Bi Lubaba akanyoosha mikono yake yote miwili hewani. "Lete, mwanangu."

Unaisa akapiga magoti. Akaishika ile mikono mitupu.

"Mama, haipo. Nimeikata."

"Umekata nini?"

"Nguo ya safari. Nilidhani ni ya Hija yako na Hudhaifa. Nikaogopa kukuuliza nisikulize. Mtoto alikuwa anatoka damu, mama. Nimemfanyia mawinda."

Kuku wanaparua nje, mtoto anapumua.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Kwa mkasi?"

"Kwa mkasi."

Bi Lubaba akaivuta mikono yake taratibu, akairudisha chini ya shuka. Machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Msinifanye niwaambie kwamba waja wema hawaumii. Wanaumia! Mwanamke yule aliumia kama anavyoumia yeyote aliyeomba kitu kimoja maisha mazima akakikosa mlangoni.

"Nisamehe, mama. Nitamwuza mbuzi, nikununulie mpya, leo leo."

"Usimwuze mbuzi," akasema Bi Lubaba. Akageuza uso wake ukutani.

Hakusema neno lingine. Siku ile nzima hakusema, na Unaisa hakuthubutu kumsemesha. Alfajiri ya siku iliyofuata alipotaka kuomba maji alitoa sauti isiyo na maneno, mdomo umekwenda upande. Ulimi ulikuwa umefunga. Kwa hiyo maneno ya mwisho ya Bi Lubaba duniani yakawa hayo, usimwuze mbuzi. Na Unaisa akabaki akiyapindua kichwani. Je, yalikuwa ya huruma, mtoto atakunywa nini? Au yalikuwa ya hasira, sitaki chochote kutoka mkononi mwako?

Bi Thuwaiba alipokuja akaona hali ile, akamvuta Unaisa pembeni, akamsema bila kumficha. "Umeona sasa? Umemnyang'anya sanda, kisha ukamnyang'anya na raha. Ungenisikiliza angekuwa amekwisha kukuombea dua saa hizi."

"Ni kweli," Unaisa akasema. Hakujitetea. Aliendelea kumwosha mama, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko kile kile cha mtoto, na kumtayamamisha kwa mchanga safi kila wakati wa sala. Kila akimaliza alimwinamia sikioni, "Mama, uniwie radhi." Na mama alikuwa akitazama ukuta kwa macho yasiyotazama.

Siku tatu zikapita hivyo. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, mtoto alilia wakati Unaisa anakamua mbuzi na Bi Thuwaiba anachochea moto. Bi Thuwaiba akambeba mtoto, akamlaza kando ya bibi yake, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na joto, akarudi jikoni. Mtoto alikuwa amejifunua kwa kurusha miguu. Unaisa alipoingia na maziwa akauona mkono mzima wa Bi Lubaba, ule wa kulia, uko juu ya mtoto, umelishika winda.

Akasimama. Vidole vya mama vilikuwa vinaupita uzi, polepole, kama anayesoma. Uzi ule aliusokota yeye. Hakuna aliyemwambia, aliujua. Vikafika pembeni mwa kitambaa, pale mkasi ulipopita, ambapo Unaisa kwa haraka yake hakushona, na nyuzi zilikuwa zimeanza kufumuka. Vikasimama hapo. Vikarudi nyuma, vikafika tena hapo hapo. Kisha mama akaunyanyua mkono, akasugua kidole gumba na cha shahada mbele ya uso wake.

"Maji?" Unaisa akauliza. Akaleta maji, mama akakataa. "Tasbihi?" Akakataa, akasugua tena vidole vyake, kwa ukali sasa, ukali ule wake wa zamani wa kufundishia sabuni.

Bi Thuwaiba alikuwa amefika mlangoni. "Sindano," akasema. "Anataka sindano na uzi."

Wakamtilia uzi sindanoni, wakampa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa, basi Unaisa akamshikia kitambaa. Na Bi Lubaba akaanza kukunja ule ukingo kwa kidole gumba, akakunja tena, akachoma sindano. Akavuta. Akachoma.

Hapo Bi Thuwaiba, mwosha wa maiti wa miaka thelathini, akakaa chini kwenye kizingiti akalia kwa sauti.

Mnajua kwa nini alilia? Kwa sababu katika mji ule, kama ilivyo katika miji mingi ya Waislamu, sanda haipigwi pindo. Unaikata, unaiacha ilivyo, kwani anayeivaa haendi popote ikafumuka. Nguo inayopigwa pindo ni ya aliye hai, ya mtu atakayetembea, atakayechafua, atakayefuliwa na kuvishwa tena. Bi Lubaba alikuwa anaipiga pindo sanda yake.

"Mama," Unaisa akasema, "umeniwia radhi?"

Mama hakujibu, hakuwa na ulimi wa kujibia. Aliendelea kushona. Mishono mingine ilikwenda kombo, mingine ikarukana. Alishona kiasi cha shibiri moja na vidole vitatu, mpaka uzi ukaisha. Akaipapasa kazi yake mwanzo hadi mwisho, akaitoa sindano kwenye kitambaa, akamkabidhi Unaisa mkononi kwa uangalifu, isije ikamchoma mtoto. Kisha akalala.

Alifariki kesho yake, kati ya adhuhuri na alasiri, kidole cha shahada kimenyooka.

Wakati wa kumkafini, Bi Thuwaiba akauliza atamvika nini. Unaisa akasema, "Hakuniruhusu kumwuza mbuzi." Akatoa shuka za mama mwenyewe, zile za viraka, alizokwisha kuzifua kwa sabuni nyeusi ya mama mwenyewe na kuzianika juani, akazifukiza udi uliobaki sandukuni. Wanawake waliokuja msibani wakaanza kunong'ona. Mcha Mungu kama huyu, aliyewapa watu nguo Idi zote hizo, anazikwa na viraka? Hana mtu? Bi Thuwaiba akafungua kinywa ili awajibu, lakini Unaisa akamtangulia. Akasimama mbele yao, mtoto begani, akasema, "Alikuwa na sanda, nzuri kuliko zote. Nimeikata mimi. Msimseme yeye."

Na akazikwa hivyo. Nguo mpya aliyomwomba Mola wake hakuivaa hapa duniani. Tunataraji, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi, kwamba amevalishwa isiyochakaa huko aliko.

Kila nikisimulia kisa hiki hutokea mtu akaniuliza, "Maalim, je, alipewa radhi au hakupewa?" Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza nikamkasirikia, Mungu anisamehe. Nikamwambia, wewe umeona mtu akishona kwa mkono mmoja na macho yamefunga, akiwa na siku moja ya kuishi, kwa ajili ya mtu asiyemtakia kheri? Lakini baadaye, nilipotulia, nilijua kwamba kijana yule hakuuliza upuuzi. Neno lenyewe halikusemwa. Unaisa aliomba neno akapewa pindo, na mwanadamu hata akipewa kilicho bora, sikio lake hubaki linasubiri.

Wanasema Unaisa aliishi umri mrefu katika nyumba ile ile. Alifundisha wanawake kupika sabuni, kusokota tambi na kukomba wino, na hakuna kilichotupwa kwake, kama ilivyokuwa kwa mavyaa wake. Mwanawe alikua, akaoa, akahamia mji mwingine kutafuta riziki. Akabaki peke yake. Na waliokuwa wakipita ukutani mwake asubuhi wamesimulia kwamba kila alipotaka kuikata nguo kuukuu, aliinyanyua juu, akauliza kwa sauti, "Hii ni ya nani?" Nyumba haina mtu. Hungoja kidogo, kama anayesikiliza. Ndipo mkasi husikika.

Basi ndugu zangu, punguzeni kununua, punguzeni kutupa, chakaeni na nguo zenu na nguo zichakae na nyinyi, kwani israfu ni udugu na shetani. Lakini kabla ya kukata, ulizeni. Na mkishakata, semeni.